Kokoto Arobaini na Tatu

Nilichora bomba la Ndosho kwa chaki ya shule
juu ya kibaraza cha lava, umeme ukiwa umekatika:
maduara matano, vizingiti vinne,
mishale kama nyayo za kuku.
Duara la kwanza, bidoni tupu.
La pili, bidoni kwenye mstari.
La tatu, bidoni chini ya bomba, mdomo wazi.
La nne, bidoni iliyojaa, mgongoni mwa mtu.
La tano sikulijua jina. Nililichora tu,
mkono ulitaka.

Bidoni moja, kokoto moja nyeusi.
Nilihesabu arobaini na tatu.
Kizingiti kikifyatuka kama mtego
kokoto inatoka hapa, inaingia pale,
hakuna inayozaliwa, hakuna inayokufa.
Jumlisha tupu, jumlisha mstari, jumlisha zilizojaa:
arobaini na tatu asubuhi, arobaini na tatu usiku,
pampu ya ziwani ikohoe au isikohoe.
Asistanti Bisimwa huiita jumla isiyobanduka.
Umbo kwanza, husema, saa baadaye:
usiulize mto una kasi gani
kabla hujajua kama una pa kutokea.

Lakini saa ndizo zilizonichoma.
Kila kizingiti nilikipa bahati yake
kwa sheria isiyo na kumbukumbu:
hata ukingoja masaa matatu
maji hayakukaribii kwa dakika moja
kuliko yalivyo kwa yule aliyefika sasa hivi,
jasho lake halijakauka.
Nilimsomea Mama Kavugho, mlinzi wa bomba.
Akaacha kufunga mpira, akanitazama.
"Kwa hiyo mvumilivu hali mbivu?"
Nikasema, Mama, hesabu haijui mbivu.
"Basi hesabu yako haijawahi kubeba bidoni."

Usiku nikaiona kasoro.
Maduara mawili yameshikana koo:
ufunguo unangoja pesa, pesa inangoja maji,
maana Paluku wa chukudu hana kitu
mpaka auze maji aliyobeba,
na habebi mpaka alipe.
Kokoto ya mwisho ikitoka humo, hairudi.
Pakikauka, pamekauka.
Sikuhitaji saa, sikuhitaji bahati;
mchoro wenyewe ulisema
siku moja wavu huu utakufa
mikono yote ikiwa imenyooshwa.

Saa kumi na moja alfajiri nikashuka bombani
kukitazama kifo nilichokikokotoa.
Paluku alikuwepo, mfuko umegeuzwa nje kama ulimi.
"Mayi itakuya?" nikamuuliza.
"Mayi ilishakuya. Njo feza imekataa kuya."
Mama Kavugho akaokota kipande cha kaa,
akaandika ukutani, chini ya majina mengine:
PALUKU 6.
Akafungua.

Ukuta ule nimeupita miaka minane
nikidhani ni uchafu wa watoto.

Nikarudi kibarazani, nikaongeza mshale
kutoka duara la tano, ambalo sasa linaitwa Deni.
Nikazungusha kokoto mpaka vidole vikawa vyeusi.
Wavu haukukwama. Uliyumba, uliburuta mguu,
ukafika jioni.

Kitu kimoja hakikutoshea.
Juu kabisa ya ukuta, kaa limefifia: MASIKA 2.
Masika aliondoka mtaani usiku ule wa milio,
bidoni zake mbili kwenye kichwa na mkononi,
na hakuna aliyemwona upande wa pili.
Nikamuuliza Mama Kavugho kwa nini halifutwi.
Akasema, likifutwa nitajuaje kwamba atarudi?
Sikubishana. Kokoto mbili nimeziacha ndani ya Deni,
mahali panapoingia na hapatoki,
na jumla yangu bado ni arobaini na tatu.

Asistanti alinipa kumi na moja juu ya ishirini.
Pembeni, kwa wino mwekundu:
"Mshale huu umetoka wapi?"